Jiwe Lililokuwa Likiitika

Watu wa Mwanza mnasema sisi Wahaya tunajisifu. Haya, semeni. Lakini anayesema hivyo hajawahi kukaa jirani na Msukuma mwenye jiwe. Mimi nimekaa naye, huku Pasiansi mlimani, ukuta kwa ukuta, tangu mume wangu alipohamishiwa kikazi kutoka Bukoba, kisha akafariki akaniachia mtoto wetu Jovinary na biashara ya ndizi. Jirani yangu anaitwa Shimba Luhaga. Nataka niseme habari zake, maana siku hizi wapita njia wanamwona mzee anaponda kokoto pembeni ya barabara, na wanadhani alizaliwa akiponda kokoto.

Mlima wetu ni mawe matupu. Nyumba zimejibana katikati yake, choo cha huyu kiko nyuma ya jiwe la yule, na ukitaka kuanika nguo unatafuta jiwe lililopata jua. Kwa hiyo jiwe kwetu si kitu cha kumshangaza mtu. La Shimba ndilo lilikuwa habari nyingine. Lilikuwa kubwa kuliko chumba changu, limekaa juu ya jiwe lingine bapa, linatazama ziwa, na lilikuwa linacheza. Sisemi kwamba ukilitazama kwa mbali ulidhani linacheza. Lilikuwa linacheza!

Shimba alikuwa anavua kofia, anaweka kiganja ubavuni mwake, anasema, “Mwangaluka,” kama anavyomwamkia mtu asubuhi. Halafu anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa babu zake, ambao maneno mengine hata yeye hakuyajua maana. Unasubiri. Unaanza kufikiri huyu mzee anatupotezea muda. Mara jiwe linainama upande wa ziwa, linarudi, linainama tena, taratibu, na chini yake panasikika mngurumo mdogo. Siku ya kwanza nilipoliona nilipiga ishara ya msalaba nikaondoka bila kuaga. Jovinary alinicheka mpaka nikamtishia fimbo.

Wenyewe hawakusema linacheza. Walisema linaitika. Mtoto akizaliwa katika ukoo ule analetwa, anatajwa jina lake, jiwe linaitika. Bibi harusi akiletwa vivyo hivyo. Mtu akifa, kabla hata ya kuchimba kaburi, lazima mmoja aende akaliambie. Na halikuamkiwa bure. Huwezi kwenda tu kwa sababu umechoka kukaa nyumbani. Uwe na mtoto, au bibi harusi, au msiba, au mgeni. Shimba aliliamkia jiwe hata kwa ajili ya mume wangu, Mhaya wa watu, Mkatoliki, aliyekuwa ameshazikwa kwao Kamachumu. Alikuja mlangoni kwangu akaniambia, “Mama Jovinary, nimemtaja mwenzako kule. Limeitika.” Nikamjibu kwamba sisi wetu tumemwombea misa, asante. Alipoondoka nikalia vizuri kuliko nilivyolia msibani.

Msidhani alikuwa mganga. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, ana Biblia imefungwa kwa mpira. Darasa la saba alimaliza, akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha samaki huko chini ziwani, mlinzi wa geti. Samaki walipopungua, watu wakapunguzwa, naye akawa miongoni mwao. Baadaye mkewe Selina akaugua akafariki. Binti yao ni mmoja tu, Winnie. Kwa hiyo mzee alikuwa na binti, Biblia na jiwe. Kwa jiwe ndiko watu walikuwa wanamwita mzee kwa maana ya mzee. Ukoo ukikutana kutoka Misungwi na wapi huko, hata wenye magari walikuwa wanavua viatu wanamfuata nyuma.

Sasa yupo mdogo wake, Alexander, anayeishi Mkolani. Alexander ana malori, anauza mawe na kokoto kwa wajenzi. Si mtu mbaya, na nasema hivyo ingawa sura yake siipendi. Eneo lile lilikuwa la baba yao, wote wawili wana haki, na mji unapanda mlima kila mwaka. Alexander alitaka sehemu yake ajenge nyumba za kupangisha. Sehemu yake ndiyo yenye jiwe. Akaitisha kikao cha ukoo, wakakaa pale nje, mimi niko upande wangu wa ukuta namenya ndizi na masikio yangu yote mawili yako kwao.

“Kaka, shikamoo yako naiheshimu,” Alexander akasema, “lakini watoto wangu hawawezi kula kuitika.”

“Na likivunjwa, wewe ukifa nani atakutaja?” Shimba akamwuliza.

“Nitatajwa redioni kama wengine.”

Wakacheka baadhi. Shimba hakucheka. Ndipo Winnie, ambaye alikuwa chuoni anasomea utalii, akaomba ruhusa ya wazee aseme. Akasema kuna kamati inazunguka mkoa kutafuta vivutio vipya, vitakavyowekwa kwenye ramani ya wageni na kujengewa kibao barabarani. Kitu kikishaingia humo hakivunjwi hovyo. Akawaomba wampe baba yake nafasi hiyo moja. Ukoo ukakubaliana: kamati ikilikubali jiwe, Alexander atalipwa fidia kwa kiwanja kingine cha ukoo huko Misungwi, na jiwe litabaki. Kamati ikilikataa, Alexander asibughudhiwe tena. Shimba akaapa mbele yao wote. Kuanzia hapo mzee hakuwa na jambo lingine kichwani.

Winnie akamletea kalenda kubwa ya ukutani, picha tupu za maajabu ya dunia. Akamtundikia sebuleni ili ajue, akasema, mashindano yenyewe yakoje. Jioni tulikuwa tunakaa kuitazama, mimi, yeye na binti yake. Piramidi za Misri. Ukuta wa Uchina. Ule mnara wa Paris ambao mimi mpaka leo nauona ni mnara wa simu uliokosa kazi. Shimba alikuwa anauliza kila picha swali moja: kwa nini watu wanakwenda?

“Baba, kitu kinakuwa kivutio kwa sababu ukikikosa pale hukipati pengine,” Winnie akamwambia. “Na kiwe na habari yake. Hii Taj Mahal, mfalme alifiwa na mke, akamjengea kaburi.”

“Hili lote kaburi?”

“Lote.”

Mzee akalitazama muda mrefu. Selina tulimzika Misungwi kwenye mahindi, na msalaba wake ulikuwa wa mbao. “Alimpenda,” akasema, akafungua mwezi mwingine.

Mwezi mwingine ulikuwa mnara wa Italia, ule wa Pisa, umelala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Winnie akaeleza kwamba ardhi ya pale ilikuwa laini, msingi ukazama upande mmoja. Walipoona unakaribia kuanguka wakauimarisha, lakini kuunyoosha kabisa hawakuthubutu, wakauacha na ulemavu wake. Ungesimama wima kama minara mingine, nani angepanda ndege kwenda kuuona? Nilicheka nikasema hao wazungu wana akili, wanauza hadi makosa. Shimba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ila macho yake yalikuwa chini ya picha, kwenye majani yaliyokatwa vizuri na njia iliyofagiwa.

“Pasafi,” akasema. “Mnaona? Kote pasafi.”

Hilo pasafi ndilo lililotuua.

Wiki ya kamati kufika, Winnie alikuwa bado chuoni, angekuja pamoja nao. Nanyi mnajua sisi Watanzania mgeni mkubwa akitangazwa tunafanya nini. Tunapaka chokaa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni, kuku wangu mmoja naye akapata chokaa kwa ujinga wake. Majirani walijitolea, maana wote tulitaka kibao barabarani. Viti vya plastiki vikaazimwa kanisani, turubai likafungwa. Mimi nilijitwika ndizi za wageni, na hapo msinifundishe kazi.

Ilibaki kulisafisha jiwe lenyewe. Pale linapokutana na lile bapa la chini kulikuwa na upenyo, upana wa kuingiza mkono, na humo ndimo ukoo ule ulikuwa umeweka vitu tangu enzi za enzi. Vipande vya vyungu. Makapi ya mtama. Manyoya ya kuku. Vitambaa vyeusi vilivyooza, mifupa midogo, majembe ya kizamani yaliyoliwa na kutu. Mtoto akiletwa kitu kinaingizwa, msiba ukija kitu kinaingizwa, na hakuna aliyewahi kutoa. Shimba akachuchumaa akaangalia. Nilimwona uso unabadilika. Aliona aibu. Mzee wa kanisa, na wageni kutoka ofisini wanakuja na kamera, na kwenye mdomo wa jiwe lake kumejaa manyoya ya kuku.

“Watasema ushirikina,” akaniambia.

“Si ndiyo mila yenyewe? Waambie ni mila.”

“Mama Jovinary, wewe umeiona kalenda. Kuna manyoya ya kuku Taj Mahal?”

Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Akachukua nondo akaikunja ncha, akaanza kuvuta vitu nje. Kina mama wawili wakawa wanazoa kwa beleshi na kumwaga jalalani chini kule karibu na maji. Alifanya kwa upendo, hilo mniamini. Kila alichokitoa alikitazama, na kimojawapo alikibusu, sijui alikijua cha nani. Alipomaliza vile laini laini vyote kikabaki chuma kimoja kimejikaza ndani kabisa, jembe la zamani lile la kufuliwa, limebanwa pamoja na vijiwe. Nondo haikuliweza. Akaazima mtaimbo, akalichokonoa, akaning’inia nao kwa uzito wake wote. Likatoka. Jiwe likatoa sauti, ng’, fupi, kama mtu anayeketi baada ya kusimama sana.

Shimba akaruka nyuma, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha. “Mmelisikia? Limeshukuru!”

Tukapiga vigelegele. Naam, vigelegele! Hakuna aliyesema hebu lijaribu. Nani angesema? Haliamkiwi bure, na wageni walikuwa kesho yake. Akapangusa vumbi, akaenda kunyoosha shati lake la kanisani.

Kamati ikaja asubuhi na magari mawili. Mkuu wao alikuwa Bi Prudencia, mwanamke wa kwetu Kagera, mrefu, viatu visivyofaa mlima. Nikamwamkia kwa Kihaya, akafurahi, tukatajiana vijiji. Nilijisikia mambo yameiva. Winnie alishuka gari la pili amevaa fulana ya chuo, akamkumbatia baba yake mbele za watu, jambo ambalo huku kwetu si kawaida, na mzee hakujua mikono yake aiweke wapi. Alexander naye alikuwepo, amekaa nyuma kwa adabu. Winnie akawaeleza wageni habari ya jiwe kwa ufasaha, watoto, maharusi, misiba, yote. Bi Prudencia akawa anasema, “Loo, ajabu! Ajabu sana!” Akageuka akasema, “Mzee wetu, tuonyeshe.”

Shimba akavua kofia. Akaweka kiganja. “Mwangaluka,” akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri siku ile. Akaimba.

Tukasubiri.

Akaimba tena kuanzia mwanzo. Wageni wakanyanyua simu zao juu, wakachoka mikono, wakazishusha, wakazinyanyua. Mzee akaweka kiganja cha pili. Akataja majina ya babu zake mmoja mmoja. Akataja jina la Selina. Nikaona shingo yake imelowa jasho, nikaanza kusali rozari ndani ya kanga. Akasukuma kidogo. Akasukuma kwa bega. Mwishowe mzee wa watu akageuka, akaegemeza mgongo, akakita visigino na kusukuma kama mtu anayekwamua gari kwenye tope, akilia, shati la kanisani likapasuka kwapani.

“Baba, basi,” Winnie akasema. “Baba. Inatosha.”

Bi Prudencia akasogea akamshika mkono. “Mzee, jiwe lako ni zuri hata likiwa limetulia,” akamwambia, na alikuwa anamaanisha wema. Lakini waitu, jamani zangu, mawe yaliyotulia Mwanza hii yamejaa tele! Nani apande mlima kuja kuangalia jiwe lililotulia? Wakala ndizi zangu, wakazisifu, wakapiga picha ya ziwa na picha ya pamoja. Wakaondoka. Majibu yalipokuja baadaye yalikuwa ya heshima, yanatushukuru kwa ukarimu.

Siku ile ile Winnie aliinama kwenye upenyo akaangaza kwa tochi ya simu. Kisha akauliza polepole, “Vitu vilivyokuwa humu viko wapi?”

Baba yake akamweleza. Wakati anaeleza, akawa anajisikia mwenyewe, na maneno yakaanza kumkatikia njiani. Lile jembe ndilo lilikuwa ekseli. Vizazi vyote vile walikuwa wanaingiza vitu, vikashikana, jiwe likanyanyuka kidogo likapata pa kuchezea. Au pengine lilikuwa hivyo tangu mwanzo na jembe likaja kulishika, mimi sijui, wala hakuna anayejua. Tunachojua ni kwamba lilitolewa na jiwe likakaa chini.

Winnie hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Mimi ndiye niliyetaka kupiga kelele, niwapigie wote, na kalenda yao na wafalme wao. Yule wa Pisa kila mtu amemwacha amepinda hadi leo, sisi wetu tumemnyoosha kwa mikono yetu na vigelegele juu.

Tulishuka wote jalalani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia kamati, na ziwa mwaka ule lilikuwa limejaa, maji yamepanda mpaka kwenye takataka. Tulipekua matope kwa mikono. Tulipata vipande vya vyungu, tukapata jembe lenyewe. Alexander, na hili namhesabia, alileta jeki za lori na vijana wake bila kuombwa. Wakalinyanyua jiwe kiasi cha unywele, Shimba akalala kifudifudi akarudisha chuma kilipokuwa. Wakalishusha. Chuma kikapasuka vipande viwili kama biskuti. Wakajaribu kipande cha reli, wakajaribu mawe, wakajaribu gogo. Jiwe likainamia nyuma, likajikita ukingoni mwa lile bapa, halikutaka tena. Vijana wakaogopa litawaangukia.

“Kaka,” Alexander akasema, anafuta mikono kwa tambara. “Mimi nilikupa nafasi.”

“Ulinipa,” Shimba akasema.

“Naweza kusubiri mpaka baada ya mavuno.”

“Ukisubiri utanisaidia nini? Limeshakufa. Vunja.”

Kabla hawajaanza, alikuja kwangu, akakaa kwenye ngazi. Hakutaka chai. Nilimsikia anahangaika kifuani na kitu, mwisho akakitoa. Katika ukoo mzima, akasema, akifa mtu jiwe ndilo linaloambiwa. Sasa limekufa jiwe, na yeye ametembea tangu alfajiri anatafuta wa kumwambia. Kanisani alipita, mchungaji alikuwa safarini. Ndiyo amekuja kwangu. Nikamwambia, “Haya, niambie mimi.” Akaniambia. Nami sikujua naitikaje, Mhaya mimi, nikatikisa kichwa tu, nikamshika bega.

Jiwe la namna ile halivunjwi kwa nyundo peke yake. Wanalichoma kwanza. Wanarundika matairi ya zamani, wanawasha, moshi mweusi unashuka mpaka ziwani, jiwe linapata joto mpaka linapasuka lenyewe. Tulifunga madirisha. Lilipopasuka mara ya kwanza sahani zangu kabatini zililia, na Alexander niliyemwona anasimamia kazi alikwenda nyuma ya lori lake akatapika. Winnie hakuwepo. Alimaliza chuo, akapata kazi mapokezi kwenye hoteli huko Arusha, anawaelekeza wageni waende wapi. Anapiga simu Jumapili. Baba yake humwambia hajambo.

Nyumba za kupangisha zipo pale sasa, zimepakwa rangi ya njano. Katika mawe yaliyobaki Alexander alimwachia kaka yake rundo zima, aponde auze mwenyewe, kama heshima. Shimba akalipokea. Nilimkataza, nikamwambia hiyo si heshima, hilo ni tusi limefunikwa kitambaa. Akasema afadhali apige yeye kuliko apige mtu asiyelijua. Basi akawa anaketi pale kila siku, na nyundo, na gunia chini yake, na kofia kichwani, haivui tena kwa yeyote. Watu wa ukoo hawaji. Mwaka jana mjukuu wa Alexander alizaliwa, wakamtaja hospitali, wakanywa soda.

Mwezi uliopita nikiwa barazani nauza ndizi, gari dogo likapanda mlima wetu likihema. Wakashuka wageni watatu kutoka Dar, vijana wa mjini, miwani na kofia, na dereva wao. Wakamwendea Shimba kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

“Shikamoo mzee. Jiwe linalocheza liko wapi?”

Nyundo ikasimama hewani.

“Tumeliona mtandaoni,” binti mmoja akasema. “Watu wanalizungumzia sana, nchi nzima. Tumesafiri kwa ajili yake.” Akainama akamwonyesha simu. Nikainuka nikasogea, nami nikaona. Sijui ni nani alilirekodi, wala lini. Jua la asubuhi, ziwa kule chini, jiwe zima na afya yake, linainama, linarudi, linainama. Pembeni yake mzee mmoja ameshika kofia mkononi, kiganja kimelala ubavuni mwa jiwe, anaimba, na sauti ilisikika wazi kwenye kile kisimu, kila neno.

Shimba aliitazama mpaka ikaisha. Binti akaibonyeza ikaanza tena.

“Huyu mzee unamfahamu?” kijana mwingine akauliza. “Tunaambiwa bila yeye halichezi. Tungependa kumwona hata kwa dakika chache.”

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilitaka kusema, ndiye huyu, mnamwona, mbele yenu, vueni viatu! Shimba akaniangalia. Hakunikonyeza wala kunikemea, aliniangalia tu, na ile nguvu yote ikaniishia.

“Huyu alishafariki,” akawaambia. “Na jiwe lilikwenda naye.”

Wakasema pole sana, mzee, jamani, pole. Wakanong’onezana, wakaona wasiharibu siku yao, wakauliza njia ya kwenda mjini kwenye Jiwe la Bismarck. Shimba akawaelekeza vizuri, washuke mpaka lami, wafuate ziwa, watalikuta limesimama majini, hawawezi kupotea. Yule binti akataka kumpa kitu, akakataa. Wakapanda gari.

Nililia pale pale mbele ya wateja, sikuona haya. Yeye akavuta jiwe lingine karibu, akaligeuza akitafuta mshipa wake, akapiga.